Je, wajua kwa nini boti ya faiba huoza, ilhali faiba yenyewe haiozi?

Sitaha ya boti kuukuu ya faiba ikibonyea chini ya mguu, kilichooza ni mbao iliyofichwa ndani yake. Boti nyingi za zamani zina plaiwudi ndani ya sitaha, na chini ya plaiwudi kuna stringa: mihimili mirefu inayolala kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), imebandikwa kwenye tumbo la boti na kufunikwa kwa faiba. Stringa ndizo zinazolizuia tumbo lisipinde boti inapopigwa na mawimbi.

Wengi huilaumu bahari, lakini mharibifu mkubwa ni mvua. Kuvu wanaoozesha mbao wanataka unyevu, hewa na joto, na chumvi huwapunguzia nguvu. Ndiyo sababu mojawapo mabaharia huosha sitaha ya mbao kwa maji ya bahari, si ya bomba. Sasa itazame boti iliyoachwa wazi Tudor au Mtongwe, Mombasa, msimu mzima wa masika. Fundi aliyefunga kiti alitoboa faiba, akakaza skrubu kavu kavu ndani ya plaiwudi. Boti ikitikisika, tundu linapanuka kiasi cha unywele tu, na hapo tone la mvua linapita. Plaiwudi inalinyonya na kulisambaza, na kwa kuwa imefunikwa na faiba juu na chini, haina pa kukaukia. Jua la Mombasa linamalizia kazi kwa kulipasha joto lile giza lenye unyevu.

Kabla ya kukata chochote, gonga sitaha yote kwa mpini wa nyundo. Palipo pazima hulia kwa ukali. Palipooza hutoa sauti nzito, iliyokufa. Kisha toboa stringa kwa keekee ya milimita 5, upande wa chini karibu na ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema. Ukitoka mweusi na umelowa, stringa imekwisha. Toboa pia ubao wa tezi unaobeba injini, maana ukiwa umeoza nao, gharama inaongezeka sana na ni vyema ujue mapema.

Kazi ifanywe wakati wa kaskazi, Januari au Februari, chini ya banda. Kosa baya kuliko yote ni kung'oa stringa zote kwa pamoja boti ikiwa imeegeshwa juu ya matairi mawili: tumbo hulegea, na ukibandika stringa mpya umeufunga ulemavu huo daima. Boti ikae juu ya vitanda vya mbao vilivyochongwa kufuata umbo lake, ipimwe kwa pima maji, kisha utoe stringa moja, uirudishe mpya, ndipo uende kwa nyingine. Andika urefu na kimo cha kila moja kabla ya kuigusa. Unapokata sitaha, bakisha ukingo wa sentimita 5 pembeni ili sitaha mpya ipate pa kukalia, na weka msumeno uingie unene wa sitaha tu, usije ukafika kwenye tangi.

Kusaga ndiko kunakochosha, na ndiko mafundi wengi wanakolipua kazi. Rezini, ile gundi ya maji inayoganda na kuishika faiba, ikiwa mpya haishiki juu ya grisi, rangi wala faiba inayong'aa. Saga kwa msasa wa namba 40 mpaka uone faiba safi, futa kwa asetoni, na uvae barakoa ya kichujio, si kitambaa.

Stringa mpya yaweza kuwa plaiwudi mbili za majini za milimita 18 zilizogundishwa. Isiguse tumbo moja kwa moja, kwani mahali mbao inapobana ndipo faiba hupasuka. Ilaze juu ya rezini nzito iliyochanganywa na unga wa kujazia, na pembe zijazwe ziwe mviringo ili mkeka wa faiba usikunjike. Tabaka la kwanza lishuke kwenye tumbo sentimita 5, la pili 10, la tatu 15.

Kwa stringa ya mita 4 yenye kimo cha sentimita 15, tabaka tatu za mkeka wa gramu 450 kwa mita mraba zinakula takriban kilo 3 za mkeka na kilo 6 hadi 7 za rezini ya poliesta. Kwa joto la Pwani, hadena (dawa ya kugandisha rezini) ya asilimia 1 inatosha, yaani karibu mililita 10 kwa kilo. Usichanganye zaidi ya kilo moja kwa mara moja, kwani rezini iliyojaa ndooni hujipasha joto yenyewe hadi ikafuka moshi. Na hadena isikutane kamwe na kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, bila rezini katikati: hulipuka. Epoksi, rezini ya aina nyingine, hushika mbao vizuri zaidi, lakini ina kitambaa chake cha kufumwa. Mkeka wa kawaida una gundi inayoyeyuka kwenye poliesta, si kwenye epoksi.

Maji yakienda tezi na omo, marejeo ni ngamani, kwa hiyo stringa lazima ziwe na matundu ya kupitishia maji. Yapitishie kipande cha bomba la plastiki na uzibe kandokando kwa rezini. Tundu la mbao tupu litaozesha stringa mpya kama ile ya kwanza.

Plaiwudi ya sitaha, milimita 12, ipakwe rezini upande wa chini na kingo zote kabla ya kulazwa. Tundu la skrubu litobolewe pana, lijazwe epoksi, likauke, ndipo litobolewe upya kwa kipimo cha skrubu. Acha pia vifuniko viwili vya ukaguzi, kimoja omo na kimoja tezi. Boti ikiwa nchi kavu, inua omo, toa kizibo cha tezi na uviache vifuniko wazi hewa ipite.