Mtawala Aliyeelimika: Maana Yake kwa Mfano wa Katerina II wa Urusi

Katika historia ya Ulaya ya karne ya 18, mtawala aliyeelimika ni mfalme au malkia mwenye madaraka yote mkononi, ila anayedai kuyatumia kwa kufuata akili na elimu, kwa faida ya raia. Hana bunge la kumbana. Ndiyo maana dhana hii huwatatiza wengi: wakisikia "kuelimika" wanafikiri demokrasia, na demokrasia haimo kabisa. Frederick II wa Prussia na Joseph II wa Austria huwekwa kundi hili. Mwanamke anayetajwa zaidi ni Katerina II.

Katerina hakuwa Mrusi. Alizaliwa mwaka 1729 huko Stettin, mji ambao leo ni Szczecin, Poland, katika ukoo mdogo wa kifalme wa Kijerumani. Alipelekwa Urusi mwaka 1744 kuposwa na mrithi wa kiti, akabadili dhehebu, akajifunza lugha, akasoma vitabu kupita kiasi. Mwaka 1762 maofisa wa vikosi vya walinzi walimpindua mumewe, Peter III, wakamtawaza yeye. Siku chache baadaye mume akafa kizuizini. Haki ya kurithi Katerina hakuwa nayo. Kiti alikipata kwa msaada wa makabaila waliovaa sare. Ukikumbuka hilo, mengi aliyofanya na aliyokwepa yanaeleweka.

Aliyoyafanya si haba. Mwaka 1764 alianzisha Smolny, shule ya serikali kwa wasichana. Mwaka 1768, kabla ya chanjo ya ndui ya daktari Jenner kujulikana, alimwita daktari Mwingereza, Thomas Dimsdale, amtie ugonjwa wa ndui kidogo ili mwili upate kinga. Hapo alihatarisha roho yake mwenyewe, na kwangu mimi hiki kinapita barua zote alizoandikiana na Voltaire, mwandishi na mwanafalsafa Mfaransa. Mwanafalsafa mwingine Mfaransa, Diderot, alipokwama kwa fedha, Katerina alinunua maktaba yake, kisha akamwachia aitunze kwa mshahara. Ukarimu, ndiyo, na matangazo mazuri pia.

Mwaka 1767 alitoa Nakaz, mwongozo wa kutunga sheria mpya, mwingi wake ukichotwa kwa Montesquieu na Beccaria, wanafikra wa sheria na utawala. Ulipinga mateso. Nchini Ufaransa ulipigwa marufuku. Wajumbe zaidi ya 500 walikusanyika kuujadili, vita na Waturuki vikazuka, kikao kikavunjika bila sheria mpya kupatikana.

Lakini mwaka huohuo wa 1767 watwana, yaani wakulima waliomilikiwa pamoja na mashamba, walikatazwa kumshtaki bwana wao kwa malkia. Kuwakomboa kungewaudhi walewale waliomweka kitini, na hilo hakuthubutu. Uasi wa wakulima na Wakazaki (wapiganaji wapanda farasi wa mipakani) ulioongozwa na Pugachev, wa 1773 hadi 1775, ulizimwa kwa damu, na hati ya 1785 ikawaongezea makabaila kinga. Mwandishi Radishchev alipoandika juu ya mateso ya watwana, mwaka 1790, alihukumiwa kifo, kisha akapelekwa uhamishoni Siberia. Kuelimika kwa mtawala, basi, kuliishia pale kiti kilipoanza kutikisika.

Majirani walionja upande mwingine: Crimea ilimezwa mwaka 1783, na Poland ikagawanywa mara tatu hadi ikafutika kwenye ramani mwaka 1795.

Alifariki mwaka 1796, baada ya miaka 34 ya utawala. Mwanawe Paul, waliyekuwa hawapatani, alitunga mwaka uliofuata sheria ya urithi iliyowatanguliza wanaume, na Urusi haikutawaliwa tena na malkia.