Sheria ya Wasali na taji la Ufaransa

Wengi huamini kwamba wanawake walizuiwa kutawala Ufaransa tangu enzi za Clovis, mfalme wa kale wa Wafranki, kwa Sheria ya kale ya Wafranki Wasali, tawi moja la watu hao wa Kijerumani. Sivyo. Tangu Hugues Capet atawazwe mwaka 987, kila mfalme alirithiwa na mwanawe wa kiume, hivyo suala hilo halikuzuka hadi mwaka 1316, alipofariki Louis wa Kumi, na mwanawe Jean, aliyezaliwa baada ya kifo hicho, akaishi siku chache tu. Philippe, ndugu wa Louis, alijitwalia taji lililodaiwa kwa niaba ya Jeanne, binti mdogo wa marehemu. Mkutano wa mwaka 1317 jijini Paris ukaridhia kwamba mwanamke harithi ufalme. Sheria ya Wasali yenyewe, ambayo kifungu chake kilihusu urithi wa ardhi, ilianza kutumiwa na watetezi wa ukoo wa Valois, uliotwaa taji mwaka 1328, miongo kadhaa baadaye.