Historia ya usharika mchanga huandikwa waanzilishi wangali hai

Kazi yangu ni kuzisaidia sharika kuandika historia zao, na swali ninaloulizwa na wazee wa kanisa kuliko jingine lolote ni kwa nini usharika ambao haujatimiza hata miaka 15 ujihangaishe na jambo hilo. Kwao, historia ni ya makanisa yenye minara ya kengele na makaburi ya wachungaji. Wao bado wanajenga, wanabatiza na kutafuta viti vya kutosha. Mimi huwajibu kwamba usharika unaokua kwa kasi husahau upesi kuliko usharika uliodumaa, na kwamba jambo hili linaonekana hata kwa hesabu ndogo.

Tuchukue usharika ulioanza na watu 40 ukafikia watu 400 baada ya miaka 10. Huo ni ukuaji wa takriban asilimia 26 kwa mwaka, yaani idadi ya washarika huongezeka maradufu kila baada ya miaka 3 hivi. Hata ikiwa katika muda wote huo hakuna aliyehama wala kufariki, nusu ya watu walioketi ibadani leo hawakuwapo miaka 3 iliyopita, na waanzilishi wamebaki mmoja katika kila watu 10. Kwa kweli huwa wachache zaidi ya hapo, kwa kuwa nao huhama, huugua na huzeeka. Kumbukumbu iliyokuwa ya wote inabaki vichwani mwa wachache, na wachache hao hawaulizwi, kwa sababu waliokuja baadaye hudhani mambo yalikuwa hivi tangu siku ya kwanza.

Jambo hili si geni. Kitabu cha Matendo kinasema Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi, yanayomtaja Galio, liwali ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake huko Korintho, yanatuwezesha kukiweka kipindi hicho karibu na mwaka 51 BK. Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho aliuandika miaka michache tu baadaye. Humo anasema hakumbatiza mtu kwao isipokuwa Krispo na Gayo. Kisha anakumbuka kwamba aliwabatiza pia watu wa nyumba ya Stefana. Kisha anakiri kwamba zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mwingine. Kwangu mimi, mtu wa madaftari, aya hiyo ni ya thamani kubwa. Mwanzilishi mwenyewe, ndani ya miaka michache, tayari ameshaanza kusahau majina, na watu wa nyumba ya Stefana, ambao mwishoni mwa waraka huohuo anawaita malimbuko ya Akaya, yaani waumini wa kwanza wa jimbo lenye Korintho, karibu wamponyoke.

Tena tusisahau kilichomfanya aandike. Watu wa nyumba ya Kloe walikuwa wamempasha habari za ugomvi: hawa wa Paulo, hawa wa Apolo, hawa wa Kefa. Bila ugomvi huo tusingejua hata robo ya tunayoyajua kuhusu Korintho. Ndiyo maana huwa sikubali kirahisi halmashauri ya kanisa inaponiomba niruke mwaka ambao kundi fulani lilijitenga. Naelewa uchungu wao, na sitaji dhambi za mtu kwa jina, lakini usharika uliogawanyika huwa umeandika barua, umeitisha vikao na kuandika mihtasari mirefu kuliko mwaka mwingine wowote. Ukiuruka mwaka huo, msomaji atakuta idadi ya washarika imeshuka ghafla bila kuelezwa sababu, naye atajitungia sababu mbaya kuliko ile ya kweli.

Nyaraka ninazoanza nazo ni madaftari. Agizo la mwaka 1538 lilizitaka parokia zote za Uingereza ziandike ubatizo, ndoa na maziko kila wiki, na mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, uliwaagiza maparoko wa Kanisa Katoliki kutunza daftari la ndoa. Waliotoa maagizo hayo walitaka ushahidi wa umri na wa uhusiano wa watu, lakini walituachia hazina. Daftari la ubatizo la usharika mchanga hulisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko ukibadilika, najua katibu amebadilika. Jina lilelile la mdhamini likirudi mara tano katika mwaka mmoja, nimempata mtu aliyekuwa akiwaleta wenzake, hata kama hajawahi kushika cheo. Na watoto wachanga wakianza kuwazidi watu wazima, usharika umeingia zamu nyingine ya maisha yake.

Hapo ndipo neno kukua linapohitaji kupimwa. Washarika huongezeka kwa kuzaliwa, kwa kuhamia kutoka makanisa mengine, na kwa kuongoka watu ambao hawakuwa na kanisa. Nimeona taarifa nyingi zikijumlisha yote matatu na kuyaita mavuno. Binafsi naona hilo ni kosa kubwa: usharika uliojaa wahamiaji na usharika uliojaa waongofu hutofautiana katika mafundisho unayoyahitaji, katika utoaji na hata katika namna ya kuchagua viongozi, ijapokuwa idadi inalingana.

Majengo nayo husema. Huko Dura-Europos, mji wa kale kando ya mto Frati nchini Syria, wachimbaji wa miaka ya 1930 walikuta nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kanisa katika karne ya 3. Ilihifadhika kwa sababu walinzi wa mji waliifukia kwa udongo walipokuwa wakiimarisha ukuta dhidi ya Waajemi, na mji ulianguka karibu na mwaka 256. Ndani, ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa umebomolewa ili kupata ukumbi mmoja, na chumba kingine kilikuwa na birika la ubatizo na picha ya Mchungaji Mwema. Hakuna muhtasari wa kikao uliosalia, lakini ukuta ule uliobomolewa unatuambia kwamba chumba kimoja hakikuwatosha. Kwa hiyo nauomba kila usharika upige picha na vipimo vya mahali pake pa kwanza pa ibada kabla ya kupavunja.

Baada ya nyaraka huja mazungumzo, na hapa nimejifunza kutoanza na swali la maono ya waanzilishi, maana jibu lake limekwisha kunyooshwa kwa kurudiwa mara nyingi. Huuliza nani alikuwa akishika ufunguo. Swali hilo huwatoa gizani watu wasiotajwa katika muhtasari wowote, mara nyingi akina mama waliofika mapema, wakafagia, wakapanga viti na kuhesabu sadaka pamoja na mweka hazina. Wazee wawili wakitofautiana kuhusu Jumapili ya kwanza, naandika tarehe zote mbili na kusema ni nani anaikumbuka ipi. Rasimu ikikamilika tunaisoma kwa sauti mbele ya waanzilishi wote waliobaki, na chini ya orodha ya majina yao huacha mistari mitupu, kwa sababu karibu kila mara, siku chache baadaye, mmoja wao hurudi na jina ambalo wote walikuwa wamelisahau.