Umebuni Mzinga wa Kivita? Anza na Mchoro

Septemba ni mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa kusalimisha silaha haramu, na kila unapofika, simu ofisini kwetu Arusha, tunakopokea michoro ya silaha zilizobuniwa, huongezeka. Wapigaji wengi si wahalifu. Ni mafundi wa Unga Ltd, mtaa wa hapa Arusha, na wa Moshi: "Mhandisi, nimebuni mzinga. Serikali itanipa shilingi ngapi?"

Ndugu zangu, hapo mmeanzia mwisho. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haizuii kumiliki silaha kiholela tu. Hata kuiunda bila kibali ni kosa, na kesi yake haiulizi kama nia yako ilikuwa njema. Tunachopokea ni mchoro wenye vipimo na aina ya chuma. Narudia: mchoro. Wanaohofia kuibiwa waombe hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wao, kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kabla ya kuuonyesha popote. Kulalamika kijiweni si usajili.

Fundi mmoja alituletea mtutu wa bomba la maji la inchi mbili, kaupiga rangi ya kijani vizuri sana. Nilimshikisha kidole ndani: mshono wa kiwandani ulikuwa umepita urefu wote wa bomba. Baruti ikiwaka, hapo ndipo linapopasukia, karibu na shavu la mfyatuaji.

Si mafundi wa mtaani tu wanaoponzwa na chuma. Februari 28, 1844, kwenye mto Potomac, manowari ya Marekani USS Princeton ilikuwa ikionyesha wakubwa mzinga mpya ulioitwa Peacemaker, uliokuwa umejaribiwa mara chache tu. Ulipasuka ukaua watu sita, wakiwemo mawaziri wawili.

Ndiyo maana mzinga mpya hufyatuliwa kwa kamba ndefu, wapimaji wakiwa wamejikinga, kwa baruti inayozidi kiasi cha kawaida. Kisha kipenyo cha mtutu hupimwa upya na nyufa hutafutwa. Baada ya hapo ndipo shabaha na umbali hutazamwa. Hayo ni majaribio ya Jeshi, kwenye maeneo yake, si shambani kwa mjomba.

Ukifaulu, usitarajie kulipwa papo hapo. Manunuzi ya ulinzi yana taratibu zake, na mara nyingi kinachonunuliwa ni haki ya kutengeneza, si kile kimoja ulichounda.

Aliyekwisha kuunda kifaa apige simu kituo cha Polisi kwanza, aelekezwe namna ya kukisalimisha. Asije nacho kwetu, na asikipakie bodaboda.