Je, mbwa anayelelewa nyumbani kwa watu hahitaji chanjo?
Wengi huamini kwamba mbwa anayeachwa kwa familia wakati mwenyewe amesafiri, akilala sebuleni badala ya bandani, hawezi kuambukizwa maradhi, na kwa hiyo chanjo si lazima. Imani hiyo inaeleweka, kwani nyumba yenye mbwa wachache hupunguza hatari kweli. Lakini kikohozi cha kuambukiza huenea kwa matone ya pumzi na kwa bakuli la maji wanalonywea pamoja, na dalili zake huweza kuchelewa hadi siku 14, hivyo mbwa anayetikisa mkia mlangoni huenda tayari anawaambukiza wenzake. Kabla ya kumwacha mbwa wako, omba kuona kadi za chanjo za mbwa wote waliomo, usome tarehe na sahihi ya daktari wa mifugo, kisha uangalie kama kila mmoja ana bakuli lake. Mwenyeji makini naye ataidai kadi yako.