Kugeuza ghorofa la ofisi kuwa makazi: yasemwayo Tanga na ukweli wake

"Jengo ni langu, naligeuza nitakavyo."
Hati ya kiwanja imetaja matumizi. Ikisema ofisi au biashara, kupangisha familia ni kukiuka sharti la umiliki, hata kama kodi ya ardhi hudaiwi senti. Anzia mipango miji pale Jiji, uombe kubadili matumizi: nakala ya hati, stakabadhi ya kodi, mchoro wa kiwanja. Majirani nao wana nafasi ya kupinga. Kibali cha ujenzi ni kingine, na hufuata baadaye. Wengi huanza na nyundo, wakaja kukuta ukuta umeandikwa "simamisha ujenzi" kwa rangi nyekundu.

"Limebeba makabati ya mafaili miaka yote, litabeba familia."
Watu na vitanda, sawa. Sakafu ya ofisi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo mkubwa kuliko ya nyumba. Balaa ni kuta mpya. Tofali la saruji la inchi 6 lina kilo 30 hivi, na mita moja ya mraba hula kama matofali 10. Ukuta wa kimo cha mita 2.8, ukishapigwa plasta pande mbili, unakaribia tani moja kwa kila mita ya urefu. Fundi akiujenga katikati ya slabu (sakafu ya zege) pasipo na bimu, yaani boriti ya zege, chini, slabu itapinda na ukuta utapasuka. Ukuta wa jipsamu kwenye fremu ya chuma haufikishi kilo 100 kwa urefu huohuo. Usisahau paani: tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5.

Halafu kuna chumvi ya bahari, inayopenya kwenye zege na kutia nondo kutu. Gonga slabu kwa nyundo upande wa chini. Ikilia kama debe tupu, zege limeachana na nondo. Ufa ulionyooka wenye doa la kutu usiuzibe kwa plasta. Mwite mhandisi kabla ya fundi rangi.

"Vyoo vipo tayari."
Vipo, ila vimerundikana karibu na ngazi. Bomba la choo la inchi 4 hutaka mteremko wa sentimita 2.5 hivi kwa kila mita. Choo kilicho mita 12 kutoka bomba la wima, lile linaloshusha maji taka, kitahitaji sentimita 30 za kushuka, na mafundi wasipozipata hulaza bomba, likawa linaziba kila mara. Vyoo na majiko yazunguke bomba la wima, au ongeza jingine nje ya ukuta. Mwanga wa dirishani nao hufika kama mita 6 tu. Katikati ya jengo pana weka stoo, bafu na korido, si chumba cha kulala.

"Majengo ya Wajerumani ndiyo rahisi."
Kwa hewa na mwanga, mara nyingi ndiyo. Lakini lililo chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 halibadilishwi hata dirisha bila ruhusa.

"Nikimaliza nitauza nyumba mojamoja."
Inawezekana kwa Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, lakini kila sehemu lazima ipimwe na kuchorwa kwanza. Umeme nao ugawe mapema, kila nyumba na mita yake ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), kabla kuta hazijafungwa.