Xiao Yao San: Dawa ya Kichina ya Moyo Mzito na Tumbo Linalosumbua

Xiao Yao San ni dawa gani?

Ni mchanganyiko wa mitishamba wa tiba asili ya Kichina. Uliandikwa enzi ya Song, ukoo wa kifalme uliotawala China, zaidi ya miaka 900 iliyopita, katika kitabu cha duka la dawa la serikali. Ndani yake mna mizizi ya mimea ya Kichina iitwayo chai hu (si chai ya kunywa), dang gui, bai zhu na peoni nyeupe. Mna fu ling, aina ya uyoga unaoota kwenye mizizi ya misonobari. Na urukususi, ule mzizi mtamu. Zamani unga wake ulichemshwa kwa kikombe kikubwa cha maji, pamoja na kipande cha tangawizi iliyochomwa na nananaa kidogo, hadi maji yapungue kwa karibu theluthi. Ulichujwa na kunywewa ungali moto. Leo wengi humeza vidonge.

Hasira na tumbo vinahusianaje?

Waganga wa Kichina husema ini ndilo linaloongoza mtiririko wa qi, yaani nguvu ya uhai, mwilini. Mtu akiweka kinyongo au akiishi na msongo, qi hukwama: mbavu hubana, anahema kwa kushusha pumzi, anakuwa mkali bila sababu. Kisha ini hulionea wengu, yaani bandama, ambalo kwao ndilo linalosimamia usagaji wa chakula. Hapo hamu ya kula hupotea, tumbo hujaa gesi, choo huwa laini na mwili huchoka. Chai hu huifungua qi, dang gui na peoni hulisha damu, bai zhu na fu ling hulitia wengu nguvu. Huu ni ufafanuzi wa tiba yao, si wa maabara. Hata hivyo, madaktari wa hospitali nao wanajua kwamba ubongo na utumbo huwasiliana, na kwamba wasiwasi unaweza kuvuruga tumbo.

Je, imethibitishwa?

Bado si kwa kiwango cha kuridhisha. Imefanyiwa tafiti nyingi China, hasa kwa sonona na tumbo kujaa, na baadhi zina matokeo ya kutia moyo. Lakini nyingi ni ndogo na hazikupangwa vizuri. Kwa maoni yangu, haitoshi kumwachisha mtu dawa za sonona alizoandikiwa. Kuziacha ghafla ni hatari.

Nani awe mwangalifu?

Hapa naomba usome taratibu, maana watu hudhani cha asili hakidhuru. Urukususi ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu hupandisha presha na kushusha madini ya potasiamu katika damu. Misuli hulegea, mapigo ya moyo huvurugika. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, au anayemeza vidonge vya kukojoza maji, asianze bila daktari. Dang gui inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mjamzito asiinywe kwa kujiamulia. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi, acha dawa uende hospitali siku hiyohiyo.

Nikiuziwa kwenye kliniki ya Kichina mjini, niulize nini?

Omba orodha ya viambato vyote, angalia namba ya usajili na tarehe ya kuisha muda, kisha mwonyeshe daktari wako pakiti yenyewe. Isiyo na lebo usinunue.

Ni lini nisiijaribu kabisa?

Ukiwa unapungua uzito bila sababu, unatapika damu, unapata choo cheusi kama lami au chakula kinakwama kooni, nenda ukapimwe kwanza. Na ukijiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu wa karibu sasa hivi, akupeleke hospitali.